Kiti cha Wadokozi

Ukiitafuta Jamhuri ya Sawasawa kwenye ramani hutaiona, na kosa si la ramani. Wachoraji walikwenda mara tatu kuichora, na mara zote tatu wakarudi na karatasi iliyochafuka, kwa sababu sheria ya huko inataka kalamu ishikwe kwa zamu na makabila yote tisa, na kila aliyeishika alianza kwa kuchora kwao. Msimulizi wenu amefika kwa miguu yake mwenyewe. Anaipenda nchi ile, na haya anayasimulia kwa heshima zote kwa viongozi wake, ambao ni watu wema na wamenawiri.

Tuseme ukweli: Sheria ya Uwiano haikutoka hewani. Zamani Halmashauri ya Mizanini ilikuwa imejaa Walekea watupu, kuanzia mwenyekiti hadi paka wa stoo. Asiyejua Kilekea alikuwa akiomba cheti cha kuzaliwa anapewa cha kufa. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Serikali ikasikia, ikaunda tume, tume ikala mbuzi wengi, na mwisho ikatoka sheria kwamba kila jambo la halmashauri lifanywe na makabila yote tisa kulingana na idadi ya watu wao. Viti vya madiwani vikawa tisa, kila kabila kimoja, navyo vikapigwa misumari sakafuni ili asitokee wa kuongeza wala kupunguza.

Sheria ilifanya kazi nzuri ajabu. Soko la Mizanini lilipowaka moto, gari la zimamoto lilikuwapo, dereva alikuwapo, na maji yalikuwa yamejaa. Aliyekosekana ni mshika mpira wa upande wa kushoto, ambaye kwa zamu ya mwezi ule alipaswa kuwa Msende, naye alikuwa kaenda kumwoza binti yake. Wenzake walikaa garini wakimngoja, mikono mapajani, kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Soko liliungua lote, na Mkurugenzi wa Uwiano, Bwana Mlinganyo, akatoa taarifa ya furaha kwamba hasara iligawanyika kwa makabila bila upendeleo wowote. Alipewa tuzo.

Sasa, ng'ambo ya mto Lulumo kulikuwa na kijiji cha Wasende kiitwacho Kilulumo. Upande wa huku wa mto walikaa Walungo, na miongoni mwao mama mmoja mfinyanzi, Sikitu Mang'enya, mwenye mikono ya kutengeneza vyungu na mdomo wa kuvipasua. Wasende na Walungo ni watani. Babu zao walipigania chemchemi miaka saba, wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watapigana kwa maneno tu, na asiyeweza kutukanwa akatafute ukoo mwingine. Tangu hapo Msende akifa, Walungo ndio wachimba kaburi, ndio wapishi, ndio wanaopokea wageni na kusema kwa niaba ya wafiwa. Na kazi yao kubwa kuliko zote ni kumtukana marehemu na jamaa zake, mpaka aliyefiwa acheke bila kupenda. Anayecheka hawezi kujitupa mtoni, ndivyo wanavyoamini wenyewe.

Sikitu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Nyambilo wa Kilulumo, mkulima mwembamba mwenye masikio mapana, ambaye wametukanana naye miaka thelathini bila hata siku moja kukosana. Nyambilo alimwita "Kinywa cha Tanuri". Sikitu alimwita "Masikio ya Mhogo". Kila mmoja alipopata jambo la kusema juu ya mwenzake alivuka mto kwenda kulisema, hata wakati wa masika.

Ndipo Bi Mwasiti, mke wa Nyambilo, akafa.

Siku ya tatu ya matanga, Nyambilo alikuwa bado hajatia kitu kinywani wala kutoa neno. Ameketi chini, mgongo ukutani, anautazama mlango kama mtu anayengoja mgeni. Sikitu alikuwa amekwisha kufanya yote anayoyajua. Alijifunga kanga ya marehemu kichwa chini miguu juu, akavaa kifuniko cha sufuria kama kofia, akalia kwa sauti ya mbuzi. Wengine walivunjika mbavu. Nyambilo hakutikisika, na Sikitu alianza kuogopa kweli.

Hapo akatokea karani wa sensa juu ya baiskeli. Kijana wa watu aliitwa Eliudi, na alikuwa na fomu ya maswali kumi na moja na amri ya kumaliza vijiji kumi na vinne kabla ya Ijumaa.

"Hodi hapa. Wenyeji wako wapi?"

"Wenyeji wamefiwa, baba, hawasemi," Sikitu akamjibu. "Leo nasema mimi."

"Sawasawa," akasema karani, maana watu wa nchi ile hujibu hivyo kwa kila kitu. "Kijiji hiki ni cha kabila gani?"

Sikitu akamtupia jicho Nyambilo ukutani. Kisha akalirudisha kwa karani, uso mkavu kabisa.

"Hawa? Hawa ni Wadokozi."

"Wa-do-ko-zi," karani akaandika kwa herufi kubwa. "Asili yao?"

"Jikoni."

"Jikoni iko upande gani?"

"Shika mkono wa kulia, kisha ufuate harufu."

Karani akageuka akapima jua kwa macho, akaandika: Jikoni, kusini-mashariki. "Lugha yao?"

"Kimyakimya. Wewe ulishamwona mtu anadokoa nyama huku anapiga kelele?"

"Kimyakimya," karani akaandika. "Chakula kikuu?"

"Cha jirani."

"Idadi yao?"

"Hesabu masufuria yaliyofunuliwa. Kila sufuria moja, watu watatu."

Walungo walikuwa wameziba vinywa kwa kanga, mabega yanawaruka. Na pale ukutani masikio mapana yakasogea. "Mwongo huyu!" ikatoka sauti iliyokauka siku tatu. "Watatu wa nini? Sufuria nzima naidokoa peke yangu!" Nyambilo akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kwa mara ya kwanza tangu mkewe afe, na alipomaliza aliomba uji. Sikitu alimkorogea mwenyewe. Moyoni alimshukuru sana yule karani.

Karani naye alikuwa mtu mwaminifu. Alizunguka jiko hadi jiko, akapata masufuria mia na thelathini na saba, akazidisha kwa tatu, kisha akaongeza mtu mmoja, yule mzee aliyesema ana sufuria yake peke yake. Wadokozi wakawa mia nne kumi na wawili. Akapanda baiskeli akaenda zake.

Jioni ile Nyambilo alimsindikiza Sikitu hadi mtoni. "Mtani," alimwambia, "siku yangu ikifika usinionee haya. Nizike ubavuni kwa Mwasiti, na unitukane mpaka jeneza licheke."

"Nitakutukana mpaka ufufuke ukimbie," Sikitu akajibu, na wote wawili walijua kwamba ni ahadi.

Matokeo ya sensa yalitangazwa miezi sita baadaye. Bwana Mlinganyo alisimama mbele ya kipaza sauti katika uwanja wa Mizanini, akakohoa kwa uwiano, kidogo kulia na kidogo kushoto.

"Ndugu wananchi! Kwa kuzingatia, na pasipo kuathiri, na kwa mujibu wa, na kama ilivyorekebishwa, napenda kuujulisha umma kwamba serikali yenu sikivu imegundua kabila. Kabila hili limeonewa tangu dunia iumbwe. Halijawahi kuwa na diwani, wala mhudumu wa ofisi, wala hata paka. Ndugu zetu Wadokozi, popote mlipo, tokeni mafichoni! Nchi hii ni yenu pia!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walifuta machozi, wakasema kumbe tumekuwa wakatili namna hii.

Tatizo likawa viti, ambavyo vilikuwa tisa na vimepigwa misumari. Lakini hesabu ilikuwa na majibu. Wasende, baada ya Kilulumo kuondolewa kwao na kupewa Wadokozi, walibaki wachache mno, chini ya kiwango. Kiti chao kikafutwa jina kwa msasa, kikaandikwa jipya. Diwani wa Wasende, mzee mpole aliyekuwa akifuatilia daraja la mto Lulumo kwa miaka kumi na mmoja, aliambiwa asimame. Akasimama, akachukua mwavuli wake, akaondoka. Daraja likaishia pale.

Wiki iliyofuata baraza likakaa kumtafuta wa kukalia kiti. Ukumbi ulijaa wakubwa wa mji, wenye kandarasi zao na miwani yao. Mwenyekiti akagonga meza, akauliza kwa sauti ya taratibu:

"Nani humu ni Mdokozi?"

Msimulizi wenu alikuwapo, mlangoni, na aliyaona kwa macho haya mawili. Mikono ilinyooka ukumbi mzima.

"Mimi, mwenyekiti! Mdokozi wa kuzaliwa!"

"Huyo mwongo! Kadokoa lini huyo? Mimi ndiye Mdokozi, na baba yangu alikuwa Mdokozi, na babu yangu alikuwa Mdokozi mashuhuri!"

"Mwenyekiti, ukoo wetu tumedokoa katika wilaya hii kabla ya wilaya yenyewe kuwapo!"

Aliyeshinda ni Mheshimiwa Kasembe Dudumizi. Mpaka asubuhi ya siku ile alikuwa Mlekea, na hata kitambulisho chake kilisema hivyo, lakini alikuja na mashahidi. Mama yake mdogo aliapa kwamba Kasembe alianza kutoa nyama chunguni akiwa na umri wa miaka minne. Mwalimu wake wa zamani akaeleza kwa uchungu habari za stoo ya shule. Kisha akasimama aliyekuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, lakini huyo akaombwa akae, kwa kuwa ushahidi ulikuwa umeshatosha.

Dudumizi akala kiapo kwa lugha ya kabila lake. Alisimama mbele ya baraza, akainua mkono, akanyamaza dakika tano. Wajuzi walisema hawajawahi kusikia Kimyakimya fasaha kama kile. Mkalimani alikuwa amekwisha kuajiriwa, akakitafsiri kiapo kwa nusu saa. Redio ya Taifa nayo ikaanzisha kipindi cha Kimyakimya kila siku saa saba mchana, na mpaka leo wasikilizaji wengi wanakisifu kuwa ndicho kipindi bora.

Kilulumo walizipata habari hizo kwa barua. Walicheka siku nzima. Siku ya pili wakaisoma tena barua na kukuta ukurasa wa nyuma, na hapo kicheko kikakatika. Nyuma iliandikwa kwamba kuanzia sasa wao si Wasende. Makaburi ya Wasende hayawahusu tena, watapewa yao. Mila za Wasende hawana, na kwa hiyo hawana watani. Mlungo yeyote atakayemtania Mdokozi atakuwa ametukana kabila la wachache, miezi sita jela. Na mazishi ya Mdokozi yatafanywa kwa lugha yake mwenyewe, ili kulinda utamaduni.

Sikitu aliposomewa aliuliza hilo la mwisho lina maana gani.

"Maana yake," Nyambilo akasema, akijaribu kutabasamu, "mimi nitazikwa Kimyakimya."

Usiku na mchana maneno hayo hayakumtoka Sikitu. Alifinyanga vyungu vikawa vinapinda. Aliona haya hata kuvuka mto, yeye ambaye haya ilimkimbia angali mtoto. Mdomo wake ndio uliowapokonya watani wake kabila, kiti, daraja na makaburi, na roho ilimuuma kweli. Mwisho akajifunga kanga mpya, akaenda Mizanini kusema ukweli.

Ofisi ya Uwiano ilikuwa na madirisha tisa. La Walungo hufunguliwa Alhamisi. Alikwenda Jumatatu, akalala kwa shangazi yake, akangoja, na Alhamisi dirisha lilipofunguliwa alimkuta ndani yake Eliudi, yule yule wa baiskeli, sasa amevaa tai. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mtaalamu Mwandamizi wa Masuala ya Wadokozi.

"Mwanangu," Sikitu alisema, "Wadokozi hakuna. Ulikuwa utani. Nilikuwa namchekesha mtu aliyefiwa."

Eliudi akamtazama. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka tai ikaruka begani, akawaita wenzake wa madirisha mengine manane waje wasikie. "Mama wewe kwa utani! Eti Wadokozi hakuna! Rudia, mama, rudia."

"Sitanii. Wale ni Wasende. Nyambilo ni Msende, baba yake Msende, wote nawajua."

Wakacheka tena. Mmoja alishika tumbo. Bwana Mlinganyo mwenyewe akatoka ofisini kuona kuna nini, na alipoelezwa alikunja uso kwa huruma.

"Mama, serikali haiandiki utani. Tunacho kitabu." Akakifungua, akamwonesha. "Hapa: Wadokozi, mia nne kumi na wawili. Asili Jikoni, kusini-mashariki. Tumekwisha kutuma wataalamu wawili kuitafuta Jikoni, wako njiani. Sasa nikuamini wewe au kitabu?"

"Lakini kitabu kiliandikwa kutoka kinywani mwangu!"

"Basi kinywa chako kilisema kweli siku ile, na leo kinatania. Nenda nyumbani, mama. Ukitaka utani na Wadokozi ipo fomu ya maombi. Itahitajika ushahidi wa miaka mia ya ujirani na walau vita moja."

Sikitu alirudi kwa miguu. Tangu azaliwe hakuwahi kusema jambo kwa moyo mzito namna ile, na tangu azaliwe hakuwahi kuchekesha watu wengi namna ile.

Mwaka ule ule, masika yalipokatika, Nyambilo akashikwa na kifua. Sikitu alivuka mto mchana wa jua kali na chungu cha uji kichwani, akamkuta amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, amebaki masikio.

"Kinywa cha Tanuri," mzee akasema polepole, "umekuja kuona kama nimekufa ili uchukue kitanda?"

Sikitu akafungua mdomo amjibu, akakumbuka miezi sita jela, akatazama nyuma. Mtendaji wa kijiji alikuwa amesimama kwenye ua na daftari lake. Akaufunga mdomo. Nyambilo aliona yote hayo, na uso ukamshuka.

"Usije ukaninyamazia, mtani," akasema. "Mwasiti alikuwa akiniambia kwamba kufa si kitu. Kitu ni kufa watu wakawa na adabu nawe."

Alifariki siku mbili baadaye, asubuhi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kilulumo Msende alikufa pasipo Mlungo hata mmoja kumtukana.

Halmashauri ilifurahi kupita kiasi. Walikuwa wamekwisha kutenga makaburi ya Wadokozi nyuma ya karakana, pale palipokuwa pakimwagwa oili chafu, na kilichokosekana ni maiti wa kuyazindulia. Nyambilo akavushwa mto, akapakiwa kwenye gari la serikali. Kaburi lilichimbwa na wajumbe wa makabila yote tisa kwa uwiano, kila mmoja na kipande chake. Walekea ambao ni wengi walichimba hadi futi sita upande wa kichwani, na wachache walichimba futi moja upande wa miguuni. Juu ya kaburi ukafungwa utepe mwekundu.

Saa tisa alasiri watu wote walikuwa wamekusanyika. Kilulumo yote walisimama upande mmoja, vinywa vimefungwa kwa mujibu wa utamaduni wao. Walungo walizuiwa nyuma ya kamba. Askari tisa walisimama kwa mstari, kila kabila askari mmoja. Wadokozi waliandikiwa nafasi ya kumi, lakini ilikuwa bado haijajazwa. Mheshimiwa Dudumizi alisogea mbele na mkasi, amevaa suti nyeusi, akamwomboleza marehemu kwa Kimyakimya kwa muda wa dakika tatu, na mkalimani akatafsiri kwa dakika arobaini. Ilisemekana kwamba marehemu alikuwa Mdokozi wa mfano, na kwamba katika uhai wake wote aliitetea lugha yake.

Hapakuwa na kilio, hapakuwa na kicheko. Jeneza lilikuwa chini, kwenye vumbi, peke yake. Sikitu aliliangalia pale nyuma ya kamba, akaona kwamba hivyo ndivyo taka zinavyofukiwa, na akaona pia kwamba miezi sita si mingi.

Dudumizi akakata utepe. Kabla makofi hayajaanza, Sikitu alikuwa amepita chini ya kamba na kurukia ndani ya kaburi, puu, upande wa kichwani kwa Walekea ambako kulikuwa na kina.

"Nyambilo!" sauti ikatoka ardhini. "Mchoyo we! Maisha yako yote hukumpa mtu mhogo, na leo hata kufa umekufa peke yako, hukutubakizia kidogo! Haingii mtu humu mpaka nipewe jogoo wangu wa utani!"

Kilulumo yote ikashtuka. Kisha mahali fulani nyuma mama mmoja akapasuka kicheko, akaziba mdomo.

"Mtoeni!" Bwana Mlinganyo akapiga kelele. Askari wakasogea, wakafika ukingoni, wakasimama. Mkuu wao akapiga saluti.

"Bwana Mkurugenzi, utepe umekatwa, kaburi hili sasa ni ardhi ya Wadokozi. Sheria inakataza mguu wa kabila jingine kuingia bila Mdokozi kutangulia. Na sisi Mdokozi hatujapata."

"Mheshimiwa Dudumizi ni Mdokozi! Mheshimiwa, tangulia tafadhali."

Dudumizi akasogea hatua moja, akachungulia. Kutoka chini Sikitu alimtazama, mikono kiunoni, anatabasamu.

"Karibu, mheshimiwa," akasema. "Ila nikukumbushe mila usije ukasema hukuambiwa. Amtoaye mtani kaburini huchukua nafasi yake. Hajatokea aliyemaliza mwezi. Njoo tu, unishike mkono huu hapa."

Msimulizi wenu hajui kama mila hiyo ni kweli. Aliwauliza Walungo baadaye, wakamwambia kila mmoja jambo lake. Anachojua ni kwamba Mheshimiwa Dudumizi alirudi nyuma hatua mbili, akafungua kifungo cha shati.

"Mwenyekiti… Mkurugenzi," akasema, kwa sauti, na kwa Kilekea. "Nadhani itabidi tuliangalie upya suala hili. Mimi, kwa upande wa mama, na hata wa baba, ukichunguza vizuri…"

"Ulitoa mashahidi!"

"Mama mdogo ni mzee, anasahau. Aliyetoa ile nyama chunguni alikuwa kaka yangu."

Bwana Mlinganyo, jasho linamtiririka, akawaashiria Kilulumo, nao wakaonesha vinywa vyao vilivyofungwa kwa mujibu wa utamaduni; akageukia umati. "Waliokuwa ukumbini siku ile! Mlinyoosha mikono! Nani hapa ni Mdokozi?"

Pakawa kimya kuliko kipindi cha redio. Mkandarasi mmoja alikumbuka kuwa ameacha gari linawaka. Mwingine akasema yeye alinyoosha mkono akijinyoosha viungo. Yule ambaye babu yake alikuwa Mdokozi mashuhuri akaapa kwamba babu huyo hamjui. Mkurugenzi alifungua kitabu chake, akaita majina ya wakubwa wote, mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakarudi makabila yao ya zamani. Kiti cha ukumbini kilikuwa na Wadokozi sitini. Kaburi halikupata hata mmoja.

Jua lilikuwa linashuka na maiti hangoji. Bwana Mlinganyo alikifunga kitabu, akakaa juu yake.

"Basi nani anamjua huyu mtu?" akauliza, na kwa mara ya kwanza alisema kama mtu mwenye mama.

"Sisi," wakajibu Kilulumo. "Sisi," wakajibu Walungo nyuma ya kamba.

Sikitu akatoa kichwa kaburini. "Ni Msende, baba. Mkewe yuko ng'ambo ya mto, anamngoja."

Safari hii Eliudi hakucheka. Aliandika kibali: marehemu aruhusiwe kukaa makaburi ya Wasende kwa muda, kama mgeni, siku tisini, kibali kihuishwe kabla ya kwisha. Mpaka leo hakuna aliyekwenda kukihuisha.

Wakamvusha mto kwa mabega, maana daraja hakuna. Walungo wakachimba, futi sita kila upande. Na Sikitu akamtukana. Alianza na masikio, akashuka kwenye miguu, akaja kwenye ubahili, akamwigiza anavyokohoa, anavyokimbia nyuki, anavyomposa Mwasiti huku kajifunga shuka iliyotoboka. Watu walicheka wakalala chini. Hata watoto wa marehemu walicheka, wakalia, wakacheka tena, na jogoo akatolewa, mmoja mkubwa mwekundu.

Kuhusu baraza, msiwe na wasiwasi. Kiti cha Wadokozi hakikung'olewa, kwa sababu misumari yake haimo katika bajeti. Kikao hakianzi mpaka mjumbe wao amiminiwe chai na kuwekewa chapati mbili mahali pake. Wajumbe huinamisha vichwa kwa dakika moja kuiheshimu lugha yao, na vichwa vinapoinuka, kikombe ni kitupu na sahani ni tupu. Hakuna aliyewahi kumwona anayekula. Kumbukumbu za kikao huandika: Mdokozi alihudhuria.

Lakini jioni ile ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, Sikitu alibaki makaburini. Alipiga magoti, akausawazisha udongo kwa viganja kama anavyosawazisha chungu kibichi. Mbavu zilikuwa zinamuuma kwa kelele na macho yamemvimba.

"Mdokozi we," alisema polepole. "Umeondoka na vicheko vyangu vyote."

Akanyanyua uso akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kuandika.